Breki za tela: niliyoyapitia kati ya Manyovu na Mwandiga

Fundi aliyenichomelea tela pale Mwanga, Kigoma mjini, alikuwa na maswali mengi kabla hajawasha mashine. Nitabeba nini, gunia ngapi, bodi iwe ya bati au ya wavu, rangi gani. Akauliza na injini ya pikapu yangu ni ya ukubwa gani. Nilipomwambia ni dizeli, lita mbili na nusu, aliridhika kabisa: "Hiyo, mama, inavuta hata nyumba."

Kuhusu kusimama hakuna aliyeuliza kitu. Shemeji yangu, ambaye ndiye dereva wangu, hakuuliza. Aliyeniuzia vyuma hakuuliza. Na si ajabu, kwa sababu matela ya namna ile yamejaa Kigoma nzima, na ukiinama kuyachungulia kwa chini unakuta hadithi ni ileile: ekseli ya nyuma ya pikapu kuukuu, dramu za breki zipo, lakini mabomba ya mafuta ya breki yamekatwa na ncha zake zimekunjwa kwa koleo. Mtu akiona dramu anadhani breki zipo. Ni mapambo tu.

Biashara yangu ni maharage na ndizi. Nanunua Kalinzi na vijiji vya upande wa Buhigwe hadi karibu na Manyovu, mpakani na Burundi, napitia Mwandiga, nauza Kigoma mjini. Barabara ni ya lami, nzuri, lakini ni ya milima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na kule tunakonunua mzigo ni juu zaidi ya hapo kwa mita zaidi ya 600. Asubuhi tunapanda watupu, jioni tunashuka tumejaza. Yaani ile nguvu ya kuvuta ambayo kila mtu aliisifia, mimi nilikuwa naitumia kuvuta bodi tupu. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kushuka, na huko ndiko tela halikuwa na msaada wowote.

Kilichotuamsha kilitokea msimu wa mavuno ya maharage, chini ya Kalinzi, penye kona. Mbele kulikuwa na bodaboda aliyebeba mikungu ya ndizi, anakwenda polepole kama inavyompasa. Shemeji akakanyaga breki. Pikapu ikapungua mwendo, tela halikupungua, likaisukuma pikapu makalioni mpaka mkia wake ukaanza kwenda pembeni. Akaachia, akakanyaga tena, na safari hii pedali ikazama laini, kwa maana breki zilikuwa zimekwisha chemka tangu juu. Akapiga gia ya pili, akavuta handbreki, akalielekeza gari kwenye mtaro wa upande wa mlimani. Tukasimama. Gunia mbili zilipasuka, taa moja ya nyuma ikavunjika, na yule bodaboda akaendelea na safari yake bila kujua lolote.

Shemeji alisingizia mafuta ya breki. Mimi nilikwenda kupima uzito.

Hili nalitilia mkazo kwa kila anayefikiria kununua tela: anza na mizani. Tela langu tupu lilikuwa na kilo 380. Gunia kumi na mbili za kilo 100 ni kilo 1,200. Jumla 1,580. Pikapu yenyewe na watu ndani ni kama tani mbili. Sasa chukua hesabu rahisi ya fizikia ya sekondari. Gari la tani mbili lenye breki nzuri, likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa penye tambarare, linahitaji kama mita 23 kusimama tangu breki zishike. Liongezee nyuma tani moja na nusu isiyo na breki, na breki zilezile za mbele zinahitaji kama mita 40. Liweke sasa kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, na mita hizo zinapita 50. Hapo sijahesabu muda ambao dereva anachukua mpaka mguu ufike kwenye pedali, na kwa mwendo ule kila sekunde moja ni mita 17 nyingine. Tena hesabu hii inachukulia kwamba tela linafuata nyuma kwa adabu. Kwenye kona halifuati kwa adabu.

Nilipotulia nikatoa kitabu cha gari, kile kinacholala kwenye droo ya dashibodi tangu gari linunuliwe. Kuna ukurasa wa kuvuta tela. Una namba mbili: uzito unaoruhusiwa kwa tela lisilo na breki, na uzito kwa tela lenye breki. Ya kwanza kwenye gari langu ni kilo 750. Ya pili ni kubwa mara kadhaa. Watu wanaokuambia "gari hili linavuta tani mbili na nusu" wanasoma ile ya pili huku tela lao liko kwenye ile ya kwanza.

Hiyo 750 nimeikuta sehemu nyingi baada ya hapo. Imo kwenye Mkataba wa Geneva wa 1949 wa usafiri wa barabarani: tela ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unazidi kilo 750 liwe na breki zake lenyewe. Uingereza wanaitumia mpaka leo, na wanaongeza sharti: hata tela lililo chini ya kilo 750, kama halina breki, lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu linalolivuta. Afrika Kusini nao wana mipaka inayofanana. Kuanzia 750 mpaka 3,500 wanakubali breki zinazofanya kazi kwa msukumo wa tela lenyewe, nitazieleza. Ukipita 3,500, breki za tela lazima ziunganishwe na pedali ya dereva, kama zile za upepo kwenye semi zinazotoka Dar. Ni uzito wa tela pamoja na mzigo unaohesabiwa, kile kiasi cha juu linachoruhusiwa kubeba. Kulileta likiwa tupu siku ya ukaguzi hakubadilishi kitu.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inataka chombo kinachoingia barabarani kiwe katika hali nzuri, na tela halijasamehewa. Askari akikuta dramu zisizo na bomba anayo haki ya kukuzuia hapo hapo. Ila nitasema ukweli: kwa muda wote niliotembea na tela lile nilisimamishwa kwa taa, kwa turubai, kwa stika ya usalama barabarani. Hakuna aliyeinama kuangalia ekseli. Kwa hiyo usipime usalama wa tela lako kwa idadi ya vituo ulivyopita salama.

Kutafuta breki kulichukua muda kuliko nilivyotarajia, na hapa ndipo pesa inapopotea. Kijana mmoja wa gereji alinipa jibu la haraka: dramu zipo, tununue bomba la mpira, tulitoe kwenye mfumo wa breki wa pikapu mpaka kwenye tela, tuweke kiunganishi cha kufungua na kufunga. Laki mbili, kesho asubuhi uko barabarani. Nilikuwa nimeanza kuhesabu hela.

Aliyenizuia ni mzee mmoja wa Gungu, fundi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya shirika la kuhudumia wakimbizi huko Kasulu. Yeye matela yenye breki kayazoea, maana majenereta makubwa na matenki ya maji ya kambini yalikuja yakiwa nazo.

"Mwanangu," aliniambia, "masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, ya gari hili imepimwa kwa magurudumu manne. Ukiongeza mawili, pedali inashuka. Na hilo bomba la mpira likikatika kwa jiwe, mafuta ya gari zima yanamwagika. Utakuwa umeliua tela na gari lililokuwa linalivuta."

Nikamwuliza, "Sasa, baba, kule kambini walikuwa wanafanyaje?"

Akachukua kijiti akachora chini. Breki za msukumo zinafanya kazi hivi. Kichwa cha tela, kile kinachokaa juu ya tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari, kimefungwa kwenye mhimili unaoteleza ndani ya ala yake. Gari likipunguza mwendo, tela linataka kuendelea, kwa hiyo linajisukuma mbele na mhimili unaingia ndani. Ukiingia unabonyeza wenzo, wenzo unavuta fimbo ndefu ya chuma chini ya tela, na fimbo inavuta nyaya mbili, mmoja kwa kila gurudumu, mpaka brekishu zinashika dramu. Tela zito zaidi linasukuma kwa nguvu zaidi, na linajifunga breki kwa nguvu zaidi. Hakuna mafuta, hakuna umeme, hakuna bomba kati ya gari na tela. Ndani ya ile ala kuna shokapu ndogo inayozuia mhimili usigongegonge kila dereva anapogusa pedali.

Kuna aina ya pili ya msukumo, ambayo mhimili unabonyeza masta silinda ndogo iliyofungwa kwenye tela lenyewe na mafuta yanakwenda kwenye dramu. Nilivutiwa nayo kwa sababu ekseli yangu ya pikapu ilikuwa tayari ya mafuta. Tatizo ni kurudi nyuma: ukirivasi tela linajisukuma vilevile, na breki zinashika, kwa hiyo unahitaji kizuizi cha kuzizuia zisishike wakati wa kurivasi na kumbukumbu ya kukitoa baadaye. Nikimfikiria shemeji, nikasema hapana. Breki za umeme nazo zipo, zinaendeshwa na kidhibiti kidogo karibu na usukani. Nimekuja kuziheshimu baadaye, kwa sababu nitakayoitaja nikifika kwenye mteremko, lakini zinataka nyaya safi na betri nzuri, na barabara za kuingilia mashambani kwetu ni matope nusu mwaka.

Tukaamua kununua seti nzima ya mtumba kutoka kwa watu wanaoleta matela ya Ulaya: ekseli yenye breki, fimbo, nyaya, na kichwa. Neno "seti" ndilo la kushikilia. Muuzaji mmoja wa Dar alinitumia kwanza ekseli nzuri na kichwa cha tela jingine. Mzee alikigeuza, akafuta grisi kwenye kibati chake, akanionyesha: kila kichwa cha msukumo kina kiwango cha chini na cha juu cha uzito. Kama tela lako ni zito kupita kiwango cha juu, wenzo hauna nguvu ya kutosha. Kama ni jepesi chini ya kiwango cha chini, breki zinashika kwa kushtuka na magurudumu yanaburuzika. Kile kilichokuja kilikuwa cha tela dogo. Tukakirudisha, na nauli ya kukirudisha nikailipa mimi. Tulichokifunga mwishoni kimeandikwa kilo 950 hadi 1,600. Nami nikapunguza mzigo mpaka gunia kumi na moja, kwa sababu seti mpya ilikuwa nzito kuliko ekseli ya zamani na sikutaka kutembea kwenye ukingo wa namba.

Gharama: seti karibu milioni moja na laki nane, usafiri mpaka Kigoma laki moja na nusu ukijumlisha ile safari ya bure ya kichwa, ufundi laki tatu, brekishu mpya na beringi laki mbili na ushee. Nilikuwa nimelitengeneza tela zima kwa pesa isiyozidi hiyo sana. Iliniuma. Kama unaanza upya, ni nafuu mno kununua tela la mtumba ambalo tayari lina breki na kibati kinachosomeka kuliko kupita njia yangu.

Kufunga ni siku moja ya kazi. Kurekebisha ndiko kunakotofautisha breki na chuma kinachoning'inia, na ndiko mafundi wengi wanakokosea, kwa kuwa wanaanzia mahali pabaya. Wanaona breki legelege, wanakaza nati ya fimbo katikati, breki zinashika, wanachukua hela. Baada ya muda mfupi upande mmoja unashika na mwingine hauna habari. Mzee alilegeza kwanza fimbo na nyaya zote, akateremsha handbreki, akavuta mhimili wa kichwa mpaka mwisho wa mbele. Kisha akainua gurudumu moja kwa jeki. Kuna tundu nyuma ya sahani ya breki. Humo akaingiza bisibisi na kukaza kidogo kidogo huku mimi nalizungusha gurudumu kwa mkono, siku zote kuelekea mbele, kamwe si kinyumenyume. Alipolikaza mpaka likagoma, akarudisha nyuma mpaka likazunguka huru na kukwaruza kwa mbali tu. Upande wa pili hivyo hivyo. Magurudumu yakishakuwa sawa ndipo akaja kwenye nyaya, kisha fimbo, akiangalia kile kipande cha chuma kinachounganisha nyaya mbili na fimbo: kinapaswa kukaa mraba na fimbo. Kikilala upande, gurudumu moja linafanya kazi ya mawili.

Kuelekea mbele kuna sababu yake. Breki hizi za kisasa zina brekishu moja inayojilegeza yenyewe gurudumu likizunguka kinyume, ndiyo maana unaweza kurivasi bila kufunga kizuizi chochote. Ukirekebisha kwa kuzungusha kinyume unarekebisha breki iliyojilegeza. Jambo hilohilo lina madhara yake kwenye maegesho: ukiliacha tela kwenye kilima likiwa limeelekea juu, linaweza kurudi kidogo kabla handbreki haijashika sawasawa. Vuta handbreki mpaka mwisho, uweke na mawe. Mawe ni bure.

Shokapu ya kichwa inapimika bila vifaa. Funga handbreki, sukuma tela kuelekea nyuma kwa kutumia kichwa chake mpaka mhimili uingie, kisha achia. Ukirudi taratibu, shokapu ni nzima. Ukiingia kwa wepesi na kuruka nje, imekufa, na dalili zake barabarani ni ile mitikisiko unayoisikia mgongoni kila unapogusa breki. Na ala ya mhimili ina matundu ya grisi. Yajaze.

Halafu kuna waya mwembamba ambao watu wanaukata kwa sababu unawasumbua. Unatoka kwenye handbreki ya tela na kufungwa kwenye gari. Kazi yake ni siku kichwa kikichomoka kwenye tufe: waya unavuta handbreki ya tela mpaka inajifunga, kisha unakatika wenyewe, na tela linasimama peke yake badala ya kukufuata. Ufunge kwenye tundu imara la gari lenyewe, uwe na urefu wa kutosha kukata kona bila kujivuta, lakini usiburuzike kwenye lami. Wetu tumeuchomelea kipete chake chini ya bampa. Kwa tela dogo lisilo na breki, mahali pa waya huo huwekwa mnyororo, ili kichwa kikichomoka kisichimbe barabara.

Jaribio la kwanza tulilifanya asubuhi mapema penye tambarare, tela likiwa na mzigo nusu. Mwendo wa kilomita 30, breki ya kawaida, kisha ya nguvu. Mzee alisimama pembeni akiangalia magurudumu. Tuliposhuka wote, tukapima joto kwa kusogeza kiganja karibu na dramu bila kuzigusa. Kulia na kushoto lazima zilingane. Yetu ya kushoto ilikuwa baridi. Waya mmoja ulikuwa umeshika kutu ndani ya ala yake. Tukaubadilisha.

Sasa mteremko. Nilidhani nikishakuwa na breki za tela basi nimemaliza, na hapa ndipo mzee alipotumia maneno mengi kuliko siku nyingine zote. Fikiria joto. Gari na tela lenye mzigo, jumla kama tani tatu na nusu, likishuka mita 600, lazima litupe nguvu yote ya huo urefu mahali fulani. Ukiigeuza kuwa joto, inatosha kuchemsha zaidi ya ndoo tatu za lita 20 za maji baridi. Sehemu inaliwa na injini kama uko kwenye gia, sehemu inaliwa na upepo na matairi, na inayobaki yote inakwenda kwenye breki. Dereva anayeweka nyutro ili aokoe dizeli, na barabara yetu ina wengi, anaipeleka karibu yote kwenye breki. Shemeji alikuwa mmoja wao. Dizeli aliyokuwa anaokoa nimeihesabu: haifiki bei ya chupa ya soda.

Lakini breki za msukumo zina tabia yake. Kwenye mteremko mrefu tela linaisukuma pikapu muda wote, hata kama dereva hajagusa pedali, hata kama injini ndiyo inayoshikilia gari. Kwa hiyo breki za tela zinakuwa zimeshika kidogo kidogo tangu juu hadi chini, na zinapata joto kimyakimya. Hapo ndipo breki za umeme zinapozishinda, maana zinashika pale dereva anapotaka. Dawa kwetu sisi wa msukumo ni mwendo mdogo tangu kileleni, ili joto lipate muda wa kutoka, na kusimama njiani penye tambarare kabla ya kuendelea. Gia ya kushukia unaichagua kabla mteremko haujaanza. Ukiwa umeshashika kasi, kuirudisha ni kazi nyingine. Pedali inakanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha inaachiwa. Kuiegemea tangu juu mpaka chini ndiko kunakoichemsha. Na ukisimama ukasikia harufu ya kuungua, usimwagie maji. Dramu ya moto ikipigwa na maji baridi inaweza kupasuka. Kaa, ule muhindi wa kuchoma, isubiri.

Mvua ni suala jingine. Baada ya kuvuka dimbwi refu kwenye njia za mashambani, breki za kwanza kwanza hazishiki vizuri. Shemeji sasa anazikausha kwa kugusa pedali taratibu mara chache kabla hatujaingia kwenye lami.

Kupanga mzigo kunabeba nusu ya usalama wote, ingawa hakuna anayetoza hela kwa hilo. Gunia zito zaidi zikae juu ya ekseli, nyingine zisogee mbele kidogo. Kichwa cha tela kinapaswa kulemea tufe kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela. Kwa kilo 1,500 ni kati ya 75 na 105, na uhakikishe gari na tufe vinaruhusu kiasi hicho. Tulipima kwa ile mizani ya kupimia watu, kipande cha mbao kikisimama kati ya mizani na kichwa. Tela lililolemewa nyuma huanza kuyumba kulia kushoto ukifika kasi fulani. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani usitikisike, uliache gari lipungue lenyewe. Usiongeze mafuta kujaribu kulinyoosha.

Makaratasi sitayarefusha. Tela linasajiliwa TRA, mamlaka ya mapato, na kupata namba yake lenyewe, na bima yake niliilipia mbali na ya gari. Kama unabeba mizigo ya watu kwa malipo, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanakuhusu. Magari ya kuanzia kilo 3,500 yanatakiwa kupita mizani, kwa hiyo ujue jumla yako kabla hujakutana nayo. Kabla ya ukaguzi wa polisi, piga picha kibati cha ekseli na cha kichwa, kwa sababu grisi na kutu zitavifuta. Mkaguzi wetu alivutiwa zaidi na vile vibati kuliko maelezo yangu yote.

Hivi sasa tela lina wateja wa kukodi, hasa wanaojenga. Masharti ninayo. Anayekodi anakuja na gari lake, tunapima urefu wa tufe kutoka chini: katikati yake iwe kati ya milimita 350 na 420 gari likiwa na mzigo. Pikapu nyingi za hapa zimeinuliwa kwa springi za kuongeza, tufe linakaa juu, kichwa cha tela kinatazama angani na uzito wote unahamia nyuma, hata msukumo hauingii sawasawa kwenye mhimili. Huyo namwambia akatafute kwanza fundi wa kulishusha tufe. Halafu naufunga ule waya wa dharura mimi mwenyewe. Juzi kijana mmoja aliomba niufungue, na nyaya za breki nizilegeze, kwa kuwa zinalia na yeye anapeleka tofali hapo Ujiji tu. Nilimrudishia hela yake ya kukodi, yote.